Mzee Mwenye Mvi wa Bwana Visima

Manyoni, ukishuka treni ukaipa stesheni mgongo, ulikuwa unafika kwenye kona ya ukuta mfupi wa mzungu mmoja mchimba visima. Kwenye kona hiyo palikuwa na benchi, na kwenye benchi palikuwa na wanaume ambao kazi yao, ukiwauliza, ilikuwa njiani inakuja. Ulikuwa mwaka ule karanga za Kongwa zilipokuwa kwenye kila mdomo, hata midomo isiyowahi kuzionja. Mwenye kona alikuwa Damari: mwenye jiko, mwenye dele, mwenye ulimi. Alizaliwa Unyambwa, akaolewa na muuza kahawa wa Tabora, na mume alipokufa akamwachia dele la shaba na wateja wasiojua kuaga. Kahawa yake ilikuwa chungu na mwenyewe hakuwa na sukari. Asubuhi hiyo ya Novemba alikuwa amesimama upande wa ndani wa ukuta, mikono kiunoni, anamtazama Mzee. Mzee alikuwa amelala kifudifudi.

— Ameanguka, alisema Damari.

Kwenye benchi alikuwapo mtu mmoja tu mapema hiyo, Idrissa mchinjaji. Walimwita Nundu, kwa sababu ng'ombe wote aliochinja walifika sokoni bila nundu na hakuna aliyejua inakopotelea, ila shingo yake yeye ilikuwa inanenepa.

— Nani kaanguka? aliuliza Nundu. Koplo wetu?

— Koplo akianguka nitakuita wewe? Mzee. Mzee wa Bwana.

Nundu akaweka kikombe chini. Hilo halikuwa jambo la kunywea kahawa.

Mzee hakuwa mtu. Alikuwa mti wa jangwani, jamaa ya dungusi, ametoka Meksiko huko mbali. Alikuwa mnene kama mchi, mrefu kama mtoto aliyeanza kukimbia, na mwili mzima umefunikwa nywele nyeupe ndefu, miiba imejificha ndani yake kama maneno ya wifi. Bwana Visima, ndivyo walivyomwita yule mzungu, alimlea tangu akiwa kama kidole gumba, akapanda naye meli, akashuka naye Dar es Salaam amempakata. Juni, alipokwenda likizo kwao, alimwita Damari barazani, akamwonyesha vyungu vyake, akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza:

— Hii usipe kitu. Acha tu. Mimi rudi, hii zima, kona yako siku zote. Hii kufa, wewe toka.

Kwa Damari hayo hayakuwa maneno madogo. Karani wa soko alikuwa ameshamfukuza kila alipotua, kama kuku kwenye mtama ulioanikwa. Kona ile ndiyo mahali pekee Manyoni ambapo jiko lake lilikuwa halijapigwa teke. Aliapa kwamba miti ya Bwana itakuwa hai hata kama yeye atakufa.

Sasa hilo "usipe kitu" ndilo lililomkwamisha. Mtu ambaye kazi yake ni kuitafutia serikali maji, yeye huyo huyo akataze maji? Damari aliamua kwamba Kiswahili kilimwishia Bwana njiani. Alitaka kusema usipe kitu kibaya. Na kwao Unyambwa, shamba lisilo na samadi huitwa uwanja. Mnyaturu hahesabu ng'ombe peke yao, huhesabu na kinachotoka nyuma ya ng'ombe. Basi Damari akawapelekea wale wageni wa Meksiko samadi mbichi ya zizini, inayofuka moshi, na juu yake kata ya maji asubuhi na kata ya maji jioni. Wenzake Mzee wakatangulia mmoja baada ya mwingine. Walilainika kama papai lililosahauliwa, wakatoa ute, na Damari akawazika nyuma ya choo bila matanga. Akabaki Mzee. Damari akamwongezea samadi.

Na leo, kwa treni ya alasiri, Bwana alikuwa anarudi.

— Mwinue, alisema Nundu.

— Nimwinue kwa wapi? Kiuno chote kimeoza. Ukimshika anabaki mkononi.

— Basi mimi najua kilichomuua. Njaa.

— Njaa! Na samadi yote ile?

— Samadi ni chakula cha mti, mama. Huyu siyo mti. Wewe ulishaona wapi mti wenye mvi? Kitu chenye nywele, chenye mbavu, ni mnyama. Tena nilikuwa na wasiwasi huo mapema, ndiyo maana nilikuwa nampa mchuzi.

Damari aligeuka taratibu.

— Unampa nini?

— Mchuzi wa mifupa. Kidogo tu, Ijumaa kwa Ijumaa, wewe ukienda kuchota maji. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Nikaona nikimpa kitu kizito atasimama.

— Idrissa, ulimmwagia mti wa mzungu supu?

— Wewe ulimmwagia mavi ya ng'ombe, na hatukukusema.

Ilikuwa kweli. Damari akarudi upande wa jiko, akapuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

Hapo akafika Ezekieli, ambaye walimwita Wakili. Aliwahi kuwa mkalimani barazani kwa mkuu wa wilaya, kuanzia asubuhi mpaka saa nne ya asubuhi hiyo hiyo. Tangu siku hiyo hakuwahi kutembea bila koti. Alichungulia juu ya ukuta, akavua kofia.

— La kuvunda halina ubani, alisema kwa huzuni.

— Basi tuutafute, alisema Nundu. Ubani unauzwa dukani pale.

— Siyo maana yake hiyo, bwana. Nasema huyu kafa kwa ukiwa. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu hakuwa kwao, nani angemtunza? Tangu Juni hajasikia Kiingereza. Mtu umezoea kuamkiwa gudi moningi kila siku, halafu unaamka unamsikia Damari anamtukana mchinjaji kwa Kinyaturu. Hata mimi ningelala kifudifudi.

— Kinyaturu changu kimekukosea nini? aliuliza Damari.

— Hakijanikosea. Nasema mgeni anahitaji lugha yake. Nilijitahidi, Mungu ananiona. Kila jioni nilikuwa namsomea.

— Unamsomea nini, na wewe kitabu huna?

Wakili akaikunja kofia mikononi.

— Kopo la biskuti.

— Kopo?

— La Bwana. Lina maneno mengi pande zote. Nilipolimaliza nililizungusha nikaanza tena. Na nikisoma, mama, kinywa kinakauka, basi ile kahawa inayobaki kwenye kikombe nilikuwa namgawia. Mtu hawezi kunywa mbele ya mwenzake.

Nundu alicheka mpaka shingo ikatikisika. Damari hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya kichwani isiyokuwa na namba: samadi, maji, supu, kahawa. Hata yeye mwenyewe, aliyezaa na kunyonyesha na kufukuzwa sokoni, asingestahimili mchanganyiko ule.

— Kuna mwingine aliyempa kitu? aliuliza. Semeni sasa, kabla treni haijasema.

— Muulize Koplo, walijibu wote wawili kwa mpigo mmoja. Ulikuwa umoja wa nadra kwenye benchi lile.

Koplo alikuwa ndiyo kwanza anakuja, anatembea katikati ya barabara kama anayekaguliwa. Jina lake Gabrieli. Alikwenda vitani Habeshi akarudi na koti zito la jeshi na hadithi zisizoenea ndani ya koti. Alikuwa mkubwa kwao wote, kwa hiyo walisimama.

— Shikamoo, Koplo.

— Marahaba. Nani amekufa? Mbona mmesimama kama kwenye bendera?

— Mzee.

Koplo akaenda ukutani. Alitazama muda mrefu, ameweka mikono nyuma, halafu akasema kwa sauti ya chini:

— Hajafa. Amelala chini. Mti wa jangwani ukiona adui unalala chini. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

— Amelala na ananuka, Koplo, alisema Damari.

— Adui asimsogelee. Hiyo ndiyo akili yake.

— Wewe ulimpa nini?

— Mimi? Simpi mtu kitu mimi. Koti tu.

— Lile koti! Na mimi nilikuwa nalifunua kumwagia maji, nikidhani umelianika!

— Ile Julai upepo wa baridi ulipokuwa unatoka Unyaturu unakata masikio, mlitaka mzee wa watu abaki nje na nywele tu? Nilimvisha koti langu. Na mchana nilimwachia, maana nani anavua koti la jeshi bila amri? Amekaa nalo mpaka Septemba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa koti. Nani kamtendea wema zaidi?

— Kwa hiyo alikuwa amelowa maji na samadi, alisema Damari polepole, halafu ukamfunika asione jua miezi yote hiyo.

— Ukisema hivyo, inasikika vibaya.

Dele likachemka, Damari akawamiminia, kwa sababu hasira haizuii mkono uliozoea. Nundu akameza fundo, akasema:

— Sasa tufanyeje? Bwana anafika alasiri. Kona ikienda, na sisi tumekwenda. Mimi nyumbani mchana sikai. Mke wangu ameshazoea.

— Tumsimamishe kwa kijiti, alisema Wakili. Bwana akiingia atakuwa amechoka. Atamwona kwa mbali, atasema asante, atakwenda kuoga. Baadaye Mzee akianguka, ameanguka mikononi mwake Bwana. Kisheria mauti hayo ni juu yake.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Nundu. Huyu ameshapita huko.

— Basi tutengeneze mwingine, alisema Koplo. Tukate kipande kinene cha mnyaa, ule mti wa utomvu, tukivishe katani nyeupe, tukigandishe kwa ulimbo. Vitani tulitengeneza mizinga ya magogo, adui akakimbia.

— Mbuzi wangu mmoja ana ndevu nyeupe nzuri sana, alisema Nundu, macho yakimwaka. Za kweli. Siyo katani.

— Hiyo ni kughushi! Wakili akaruka. Kughushi saini ni miaka. Kughushi mti wa serikali sijui ni nini. Hata kwenye kopo haikuandikwa.

— Wa serikali? Koplo akapunguza sauti, akaangalia kulia na kushoto. Umesema neno. Mnadhani mtu mzima anavuka bahari amepakata mti kwa mapenzi tu? Zile nywele ni waya.

— Waya wa nini?

— Redio. Nilikuwa karibu na watu wa redio huko Habeshi, nilikuwa nawachemshia chai. Waya mwembamba mweupe, mwingi, umesimama juu. Vile vile. Huyu alikuwa anasikiliza. Kodi ya mwaka huu walitujia mapema kuliko siku zote. Nani aliwaambia kwamba tumeuza mtama?

Nundu aliitazama maiti ya Mzee. Uso ulimbadilika.

— Mimi nilisema pale pale kwamba nina ng'ombe wawili huko Mtinko wasioandikwa.

— Na mimi, alisema Wakili, nilimwambia kwamba mkuu wa wilaya Kiingereza chake siyo kizuri.

— Amesikia yote, alisema Koplo. Kwa hiyo amekufa na siri zetu, na serikali itauliza sikio lake la Manyoni limezibwa na nani. Hapa hatutafukuzwa kona, jamani. Hapa tutapelekwa mbali.

Wakili akasogea ukutani, akainamia chungu, akasema kwa Kiingereza chake chote alichokuwa nacho:

— Sori, sa. Veri gudi biskuti.

Damari aliona imetosha. Aliwaangalia wanaume watatu wazima wanaomwomba radhi mti uliooza, mmoja amevua kofia, akajiona na yeye, kata mkononi, samadi kwenye kucha. Hata kicheko kingemjia, lakini kona yake ndiyo iliyokuwa inakufa pale. Akawaza jiko atalipeleka wapi kesho. Hakupata mahali. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo alivyokuwa akijiambia kila alipobeba ndoo ya samadi. Na sasa mikono yake ilikuwa imejaa, na nani angeilamba?

— Hodi hapo, ilisema sauti. Jua lilikuwa limeshavuka utosini.

Alikuwa mwanamke kijana, kitenge kipya, kikapu kichwani. Akashusha kikapu, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu.

— Naitwa Lea. Mume wangu ndiye mshika bendera mpya hapo stesheni. Tumetokea Iramba juzi. Nimeambiwa hapa pana kahawa.

— Ipo, alisema Damari. Kunywa haraka, kabla hatujahamishwa.

Akampa kikombe na kashata. Lea akanywa, uso ukajikunja kwa uchungu wa kahawa, lakini kwa adabu akasema nzuri. Alikuwa wa kwanza mwezi ule. Kisha akauliza kuna msiba gani, na wakamweleza, wote kwa pamoja, kila mmoja akianza na kosa la mwenzake. Lea alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alikwenda akamtazama Mzee, akaziba pua, akatembea mpaka mwisho wa baraza, nyuma ya pipa, ambako Bwana aliweka takataka za kazi yake: mabomba, kamba, vipande vya mwamba kutoka kila shimo alilochimba.

— Na huyu je, aliita, mlimpa nini?

— Huyu nani?

— Mwenye ua.

Walikwenda wote. Kati ya mawe ya Bwana kulikuwa na chungu kipana, na ndani yake jiwe la kijivu, limepasukapasuka, pembe pembe, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Ndivyo lilivyokuwa siku zote. Damari alikuwa analifagilia pembeni. Ila leo, katikati ya zile pembe, lilikuwa limetoa ua. Ua la rangi ya waridi, kubwa kuliko jiwe lenyewe, limefunguka wazi kana kwamba Manyoni ndiyo kwao.

Damari aliinama, akaligusa jiwe kwa ncha ya kidole. Lilikuwa gumu, na lilikuwa hai.

— Lo, alisema. Na huyu naye alikuwa mmoja wao.

— Mlimpa nini? Lea akarudia.

— Hatukumpa kitu, alisema Nundu. Tulijua ni jiwe.

— Hata kumsomea sikumsomea, alisema Wakili.

Koplo alikohoa. Damari aliketi chini pale pale penye vumbi. Bwana alisema hii zima, kona yako. Hakusema ngapi. Mmoja yupo, tena ana ua. Mzungu akimwona huyu kwanza, kabla pua yake haijamfikia Mzee, huenda moyo wake utakuwa umeshalainika. Jiko lake huenda likalala pale pale leo.

— Mleteni mbele, alisema. Taratibu. Awe wa kwanza kuonekana.

Wakambeba na chungu chake, wanaume watatu na Damari, kama jeneza la mtu mkubwa, wakamweka kwenye ngazi za baraza. Wakarudi nyuma kumtazama. Alipendeza. Kila mtu akaona anapendeza, na hapo ndipo balaa lilipoanza upya.

— Jua ni kali hapa, alisema Koplo, na mkono ukaenda kwenye vifungo vya koti.

— Ametoka gizani, hajazoea watu, alisema Wakili. Hata salamu moja tu ya Kiingereza, asishtuke Bwana akija.

— Ua kubwa namna ile linanyonya nguvu, alisema Nundu. Mchuzi upo. Wa leo. Hauna hata chumvi.

Kutoka upande wa Dodoma, mbali sana, treni ikapiga honi. Ilikuwa bado kwenye kona ya mlima. Ingechukua muda wake, kama kawaida, kupanda mpaka stesheni. Lea akafuta kikombe kwa upindo wa kitenge, akakirudisha kwenye sinia. Akawatazama wale wanaume, halafu akalitazama benchi, ambalo katikati lilikuwa limebonyea kwa kukaliwa.

— Kwani, aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, mnaweza kukaa bila kufanya kitu mpaka afike?

Koplo alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Nundu. Nundu alitazama chini akaona bakuli la mchuzi limeshafika miguuni pake, na hakukumbuka kulifuata. Kulikuwa na methali kwa kila jambo kwenye benchi lile, lakini kwa hilo hapakuwa na hata moja.

Damari ndiye aliyekuwa na ulimi, basi wakamgeukia yeye awajibie. Alikuwa amesimama mbele ya ngazi, ameinamia lile ua, na kata ya maji iko mkononi, imejaa pomoni.